Kichaka cha Bibi na Pikipiki ya Mjomba

Arobaini ya mama ilisomwa Alhamisi. Ijumaa nilirudisha masufuria na majamvi ya watu. Jumamosi asubuhi nikapima oili, nikakaza cheni, nikajaza upepo tairi la nyuma, nikatoka Lindi kwa barabara ya kaskazini kuelekea Mchinga. Sikumwambia mtu ninakokwenda. Mke wangu angeniuliza ningesema naijaribu pikipiki ya mteja, na angeamini, kwa sababu mimi ni fundi pikipiki na nusu ya maisha yangu nimeyamaliza kujaribu pikipiki za watu. Hii ilikuwa yangu.

Nilikuwa nakwenda kutafuta kichaka.

Kama umewahi kupita barabara ya kusini umewaona akina mama wanaokaa na mabeseni kwenye vituo, wanauza vijizizi vyembamba vilivyochemshwa, vyenye ngozi ya kahawia inayomenyeka kwa ukucha. Hiyo ndiyo ming'oko. Hailimwi. Inaota yenyewe porini, kwenye udongo wa kichanga, chini ya vichaka, na mmea wake ni kijikamba kinachotambaa ambacho mgeni akikiona hakitambui. Ladha yake siwezi kuifananisha na kitu. Watu husema ni kama kiazi, lakini hao ni watu walioila mara moja.

Bibi yangu, mama yake mama, alikaa kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mchinga, mwendo wa saa nzima kwa njia ya vumbi ukiiacha barabara kuu. Mimi nilikuwa nakaa na mama Lindi mjini. Kila likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa kwa bibi, na aliyenipeleka na kunirudisha ni mjomba. Baba alikuwapo, tena baba mwema, lakini kwetu mtoto ana mjomba, na mambo ya mtoto huyaamua mjomba. Mjomba wangu alikuwa bwana shamba. Alikuwa na pikipiki ya kazini, nyekundu, yenye keria kubwa nyuma, na mwezi wa sita wote alizunguka vijijini kuwaelekeza watu namna ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Kwa hiyo yeye na pikipiki yake walinuka salfa. Mpaka leo mteja akiniletea pikipiki iliyotoka shamba msimu huo, nikiinama kwenye injini nikapata ile harufu, inabidi nisimame kidogo.

Safari ile kwa mtu mwenye haraka haifiki nusu siku. Sisi tuliikalia siku nzima. Mjomba alikuwa akisema, "Pikipiki haifukuzwi kama mbuzi aliyekata kamba. Inatembezwa." Tena alikuwa na sheria kwamba mahali ulipowahi kula hupiti bila kuzima injini, ushuke usalimie. Kwa kuwa alishakula kila mahali, tulizima injini kila mahali. Kwenye minazi ya Mchinga tulikunywa madafu kwa mzee aliyekuwa kiziwi, na mjomba alimpigia kelele habari za mji mzima. Tulipoanza kupanda vilima mjomba alipunguza mngurumo wa injini kidogo ili nisikie kanga wakilia vichakani. Mbele zaidi kulikuwa na nyumba ambayo daima ilikuwa na kisamvu motoni, kimetiwa karanga mpaka kimekuwa kizito. Mimi nilikaa nyuma, nimemkumbatia mjomba kiunoni, shavu kwenye koti lake la kaki. Kitu kimoja tu sikuwahi kupewa. Sikuwahi kukalishwa mbele, juu ya tangi, nikashika usukani. Nilikiomba kila likizo. Jibu lilikuwa lile lile: "Ukikua."

Kwa bibi siku zilikuwa na kazi zake. Asubuhi maji, halafu kuku, halafu kufukuza nyani kwenye mahindi ya mwisho. Alasiri kutwanga, bibi na mke kijana wa nyumba ya jirani kwenye kinu kimoja, michi miwili ikipishana bila kugongana, huku wakisemana. Bibi aliniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Mume wangu wa mjini huyu," alimwambia jirani, "ukimpa muo anadhani ni fimbo ya kuchezea." Jirani alijibu, "Mwache shemeji yangu. Mikono ya kushika kalamu hiyo."

Muo ni mti mgumu uliochongwa ncha, wa kuchimbia. Kuchimba ming'oko ni kazi ya wanawake, na wavulana wa pale walinicheka kuniona nikimfuata bibi na kikapu. Lakini bibi alikuwa na kichaka chake. Alionyeshwa na mama yake, mama yake alionyeshwa na mwingine. Hakikuwa na mpaka wala alama, na hakuna mtu mwingine aliyechimba pale, kwa sababu kila mtu alijua ni cha bibi. Alinifundisha kwa kuwa binti yake mmoja alikuwa mjini na mwingine alishakufa, na wajukuu wa kike hakuwa nao.

Alinifundisha hivi. Huchimbi umesimama, unapiga magoti. Unafuata kijikamba mpaka kinapoingia ardhini, unachimba pembeni yake. Ukiuona mzizi unaweka muo chini, unatumia vidole. Unakata mzizi chini ya kichwa, yaani kile kipande cha juu kilichoshikana na kamba. Mzizi unaingia kikapuni. Kichwa hakitoki porini. Unakirudisha shimoni kikiangalia juu, unaupondaponda udongo kwa mkono, unafukia, unakanyaga kwa kisigino mara moja tu. Ukikanyaga mara mbili umekisonga. Halafu unahamia kwingine, na upande wa kichaka unauacha bila kuugusa, hata kama kikapu hakijajaa. "Mzizi ni wako," alisema. "Kichwa ni cha atakayekuja."

Kufukia ndiko kunakochosha. Kuchimba kuna furaha yake, maana kuna kitu unakipata.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa. Siku ya kurudi mjini bibi aliamka na homa. Mjomba alifika mapema, akapewa chai ya mchaichai, akakaa barazani. Bibi akaniambia kutoka kitandani, "Mume wangu, nenda kamchimbie mama yako. Usimfikie mikono mitupu." Nikachukua muo na kikapu. Nilipokuwa natoka mjomba akasema, kwa utani, kama mtu anavyomwambia mtoto lolote, "Ukirudi kabla sijamaliza birika hili, leo unakaa mbele."

Nilikimbia. Nilipiga magoti nikachimba kama mbwa. Nilipofikia kichwa cha kwanza nikasema moyoni nitavifukia vyote kwa pamoja mwishoni. Nikakiweka kando. Nikaweka cha pili. Kikapu kilikuwa kikubwa na nilitaka mjomba aone kimejaa, kwa hiyo nilichimba upande wa kulia, nikachimba wa kushoto, nikachimba na ule usioguswa. Kikapu kilipojaa, vichwa vilikuwa vimetapakaa juani, na mimi nikasikia mjomba akikohoa kule barazani. Labda hakuwa mjomba. Nikabeba kikapu kichwani nikakimbia.

Birika lilikuwa na chai bado. Mjomba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Huyu leo anailisha Lindi yote!" Bibi alijiburuta mpaka mlangoni, akatazama kikapu. Akakitazama muda. Akaniuliza, "Umefukia?"

Nikasema, "Nimefukia."

Nilikaa mbele. Kutoka kwa bibi mpaka barabara kuu nilikuwa juu ya tangi, mikono yangu ndani ya mikono ya mjomba, usukani ukitetemeka mpaka mabegani, vilima vikifunguka mbele yangu bila mgongo wa mtu kuniziba. Kwenye mteremko mrefu kabla ya barabara kuu mjomba aliondoa mikono yake. Kidogo tu, kama pumzi tatu. Nilikuwa naendesha mimi. Nimeendesha pikipiki nyingi tangu siku hiyo, na nakwambia kwa utulivu kabisa kwamba sijawahi kufurahi tena namna ile.

Mama alichemsha ming'oko jioni ile akagawia majirani wote. Alikuwa na kawaida ya kula kimya, lakini siku ile alisema, "Hii ndiyo ya mama. Hii hata gizani ningeijua."

Likizo iliyofuata mvua ilikuwa imekwenda vibaya na mihogo ilikuwa myembamba kama vidole. Bibi alikwenda kichakani peke yake. Nilimwona akirudi njiani na kikapu kikiyumba kwa wepesi. Hapakuwa na mtu mwingine, nikamuuliza kulikoni. Bibi hakunitazama. Akasema, "Nguruwe. Wamemaliza." Nilipumua. Nilikuwa na miaka kumi, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya nguruwe.

Bibi akafa, mjomba akafa, pikipiki nyekundu ikarudishwa ofisini. Mimi niliishia darasa la saba, nikajifunza ufundi kwa kufungua na kufunga na kwa kusoma kila kitabu cha injini kilichonifikia. Mjini nimekaa miaka yote hii na kule kilimani sikurudi. Nilikuwa na sababu, na kila mwaka ilikuwa nyingine.

Mwaka huu mama akaanza kushindwa kula. Wakati huo alikuwa bado anatoka mwenyewe kukaa barazani. Siku moja nikiwa nafunga kazi aliniuliza, "Hiyo pikipiki yako bado inabeba mtu?"

Nikamjibu kifundi. "Inabeba, mama, ila shokapu za nyuma zimelegea. Nimeagiza nyingine."

"Haya," akasema.

Siku mbili baadaye akasema, "Nikipata ming'oko ya kichaka cha mama, nadhani nitakula."

Nilikwenda sokoni. Ndivyo nilivyofanya. Nikanunua ming'oko ya kawaida, nikaichemsha mwenyewe kwa chumvi, nikaitia kwenye kikapu cha ukindu badala ya sahani, na viatu vyangu nikavipaka vumbi kidogo. Nikamwambia, "Nimetoka huko sasa hivi." Mama akachukua mmoja. Akaumenya polepole, vidole vyake vilikuwa vimeshaisha nguvu. Akatafuna. Akanitazama muda, kama bibi alivyokitazama kikapu.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Akala mingine mitatu.

Hakula kitu cha maana tena baada ya hapo.

Kwa hiyo sasa unajua nilikuwa natafuta nini Jumamosi ile. Nilitaka kwenda kufukia. Nilijua ni upuuzi, lakini nilitaka nipate kichwa kimoja cha mng'oko nikakirudishe mahali pake. Nilisimama Mchinga, kwa akina mama watatu wenye mabeseni.

"Karibu, kaka! Ya moto hii, imetoka jikoni!"

"Nataka vichwa."

"Vichwa vya samaki? Teremka pwani."

"Vya ming'oko."

Walitazamana, wakacheka mpaka mmoja akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Jamani, huyu kafunzwa na nani? Shemeji, kichwa kinabaki porini. Ukimwona mtu anauza vichwa, huyo si mchimbaji, huyo mwizi."

"Labda anataka kulima," akasema wa pili.

"Ikilimwa si ming'oko tena, ni muhogo. Nenda kachimbe mwenyewe, baba. Au unaogopa kuchafua suruali?"

"Nimewahi kuchimba," nikasema.

"Wewe? Mwanaume mzima?" Wakacheka upya. Nikanunua fungu moja, wakanifungia, wakaniambia nisalimie vichwa.

Njia ya kilimani imepanuliwa. Nyumba ya kisamvu sikuiona. Mzee wa madafu hata nisingemtafuta. Nilizima injini mahali hapo pote hata hivyo, nikashuka, nikasimama, nikapanda tena. Palipokuwa na kanga nilisikia injini yangu mwenyewe ikipoa.

Nyumba ya bibi imebaki msingi. Lakini ya jirani ipo, na jirani mwenyewe yupo, yule mke kijana wa kwenye kinu. Sasa anatembea na fimbo.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Shikamoo, mama. Ni mjukuu wa bibi wa hapo mbele."

"Marahaba." Akakaza macho. "Wa pikipiki?"

Nikadhani anauliza niliyokuja nayo. Nikasema ndiyo.

Akanipa pole ya msiba, akasema habari walizipata ila miguu ndiyo iliyomkatalia. Nikamwomba anionyeshe kilipokuwa kichaka cha bibi, maana peke yangu nisingepatambua. Akamwita mjukuu wake wa kike aangalie chungu motoni. "Nafika na mgeni Pikipiki mara moja," akamwambia.

"Pikipiki ndiyo wapi?" nikauliza.

"Hapo hapo unapopataka. Ndilo jina lake."

Lilikuwa shamba la ufuta. Ulishakatwa, umefungwa mafungu na kusimamishwa ukauke, na chini udongo ni ule ule wa kichanga, mweupe, hauna hata kivuli. Nilisimama. Nikamuuliza jina hilo limetoka wapi, na tayari nilikuwa najua.

"Bibi yako ndiye aliyelitoa. Siku ile mlipoondoka alikuja kunigongea na homa yake. Tukaja wawili. Tukavikuta vichwa juani, tukafukia mpaka adhana ya magharibi. Alisema labda viwili vitatu vitashika. Hakikushika hata kimoja. Basi watu wakimuuliza kichaka chako kimekwenda wapi, anasema kimepanda pikipiki. Anacheka mwenyewe. Jina likabaki."

"Mimi aliniambia ni nguruwe."

"Nguruwe gani?" Kisha akaelewa. "Wewe alikwambia nguruwe," akasema taratibu.

Nikamuuliza kama mama alijua.

"Mama yako? Yeye ndiye aliyesema palimwe. Alikuja mwenyewe baada ya bibi kufa, wewe ulikuwa umeshaoa. Alisimama hapo hapo. Akasema, msimlaumu mwanangu, alikuwa na haraka ya kurudi kwangu."

Nilitafuta pa kukaa, hapakuwapo. Nikachuchumaa katikati ya mafungu ya ufuta. Miaka yote hiyo mama aliamini nilikimbia kwa sababu yake. Sikuwa namkimbilia mama. Nilikuwa nakimbilia tangi la pikipiki.

Na alipoomba ming'oko ya kichaka cha mama yake, alijua hakuna kichaka. Alikiona mwenyewe kikiwa shamba, tena kwa ruhusa yake. Basi hakuwa anaomba chakula. Alinifungulia mlango niseme, miaka zaidi ya arobaini baadaye, mimi na yeye tu barazani, na pengine tungecheka. Mimi nikamletea ming'oko ya sokoni na vumbi la kujipaka. Naye akala, akaniambia ndiyo yenyewe.

Nikamwambia jirani, kwa kuwa ndiye aliyebaki wa kuambiwa, "Mama, sikufukia hata kimoja."

"Tunajua, mwanangu," akasema. "Inuka. Twende ukale."

Alikuwa amechemsha ming'oko. Nikala yake, nikala na ile ya Mchinga, nikitafuna polepole, nikitafuta tofauti. Sikuipata. Ulimi wangu umeshasahau, na aliyeweza kuijua hata gizani amezikwa. Nilipoomba kichwa kimoja nikafukie, jirani alitikisa kichwa. "Ufukie wapi? Hapo trekta linapita kila msimu. Kichwa kinataka kichaka."

Nimesoma sehemu nyingi kwamba mimea ya porini inapungua, na sababu zinatajwa kwa mpangilio mzuri: mashamba, mifugo, moto. Sina ubishi. Ila kichaka kimoja ninachokifahamu kiliondoka kwa mtoto aliyeona kufukia kunachelewesha, na kuna wanawake wawili walioamua asiambiwe. Nikijaribu kukumbuka kitu kilichopotea, sioni mizizi. Naona birika la chai ya mchaichai, na mkono wa bibi kwenye fremu ya mlango.

Nilirudi taratibu, alasiri, jua likiwa mbele yangu kwenye kona na nyuma yangu kwenye kona nyingine. Nilipofika kwenye ule mteremko mrefu nilipunguza mpaka gia ya pili. Shokapu za nyuma bado ni zile zile. Mpya zimekaa dukani kwangu ndani ya boksi tangu kabla mama hajalala kitandani. Kila shimo pikipiki ilikuwa inagonga, na nikaona jambo ambalo fundi yeyote angeliona siku ile ile aliyoulizwa na mama yake kama inabeba mtu: kwa mwendo huu, wa kutembeza, wa mjomba, zingetosha kabisa. Mama alikuwa mwepesi. Tungesimama kila mahali.

Niliondoa mkono mmoja kwenye usukani, nikagusa kiti cha nyuma.

Inabeba, mama. Ilikuwa inabeba.